Je, Ujira Hununua na Damu?

Tumezoea kusema kwamba mtu aliyeikubali kazi akalipwa ujira wake hana madai tena. Neno hili na tulipime kwa kazi ya fundi wa rangi.

Fundi huyeyusha rangi kwa mafuta makali. Mvuke wake huuvuta, na mafuta hupenya ngozi. Mengine huwa na benzini, iharibuyo kromosomu, yaani nyuzi ndogo sana zilizo ndani ya chembe za mwili, zichukuazo urithi wetu. Nayo huweza kuleta saratani ya damu. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka 1989 wataalamu wa saratani walioko Lyon, Ufaransa, waliihesabu kazi ya kupaka rangi katika kazi ziletazo saratani.

Wengine husema, “Fundi alikubali mwenyewe.” Lakini alikubali nini? Alikubali jasho na uchovu, asichokijua hakukikubali. Na ajuaye akanyamaza kwa njaa ya watoto, je, amekubali, au ameshurutishwa?

Torati humwagiza mwenye nyumba ajenge ukingo darini, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Haikungoja aangukaye ajihadhari. Basi mwenye kazi naye ajenge ukingo wake: madirisha wazi, kinga ya pumzi, na rangi ya maji iwezekanapo. Hata sisi tumwitapo fundi apake rangi shule au kanisa, tu wenye dari. Ujira hulipa kazi ya mikono. Damu ya mtu haina bei.