Talaka ya Mlevi

Mume arudi nyumbani saa sita ya usiku kutoka mangweni, miguu haimchukui na ulimi umemzidi uzito. Amkuta mkewe yu macho kwa sababu mtoto ana homa na fedha za dawa alikuwa nazo yeye. Mke auliza ziko wapi, na mume, badala ya jawabu, atamka talaka tatu kwa sauti iliyosikiwa na majirani wa pande zote mbili. Asubuhi aamka akitaka chai. Hakumbuki neno, na akiambiwa hucheka, kisha huapa, kisha hulia. Swali linalopelekwa kwa kadhi siku hiyo ni fupi: mwanamke huyu ameachika au hakuachika? Lakini chini ya swali hilo fupi mna swali refu ambalo mafakihi na wanafalsafa wamelihangaikia tangu zama za kale, nalo ni kwamba mtu aliyeiondoa akili yake kwa mkono wake mwenyewe, matendo ayatendayo ilhali akili haipo ni yake au si yake.

Waislamu wa pwani hii, tangu Lamu hata Kilwa, aghalabu ni wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, na kauli iliyotiliwa nguvu katika madhehebu hayo ni kwamba talaka ya aliyelewa kwa hiari yake hupita. Hoja yake si nyonge. Taklifu, yaani mzigo wa kuamrishwa na kukatazwa, humwondokea mwendawazimu kwa kuwa wazimu ulimjia bila ya kuitwa, na humwondokea aliyelala kwa kuwa usingizi ni maumbile. Ama mlevi ndiye aliyefungua mlango, na haielekei maasia yawe ndiyo udhuru wa mwenye kuasi. Karne nyingi kabla ya mafakihi hao, Aristotle alitaja sheria ya kuwatoza walevi adhabu maradufu, sheria inayonasibishwa na Pittacus, mtawala wa Mytilene, akaeleza kwamba chanzo cha kosa kilikuwa ndani ya mkosaji, maadamu kujizuia asilewe kulikuwa katika uwezo wake. Akatoa na mfano wa jiwe: likisha kutoka mkononi halirudishiki, lakini kulishika na kulirusha kulikuwa ni shauri la mrushaji.

Walakini kauli hiyo haikuwa pekee. Imepokewa kwa Sayyidna Uthman bin Affan kwamba mwendawazimu na mlevi hawana talaka. Al-Muzani, mwanafunzi wa Imamu Shafi mwenyewe, aliuelekea upande huo. Ibn Taymiyya aliutetea kwa hoja nyingi. Na Misri ikauandika katika sheria yake namba 25 ya mwaka 1929. Mimi si fakihi wala sitoi fatwa, lakini naona neno moja ambalo hoja ya adhabu hailijibu vizuri. Adhabu maradufu ya Mytilene ilimwangukia mgongoni yeye aliyekunywa. Talaka humwangukia nani? Anayefunga virago si mlevi. Ni mwanamke ambaye hakuonja hata tone, na pamoja naye mtoto mwenye homa, ilhali yule aliyekusudiwa kuadhibiwa amebaki na nyumba, kitanda na njia yake ya kwenda mangweni. (Wako pia wake ambao, lau wangeulizwa, wangeomba talaka hiyo isimame wala isibatilishwe kwa hisani ya kadhi yeyote. Lakini hawaulizwi.)

Tena mfano wa jiwe watufaa kwa kikombe cha kwanza tu. Aliyekunywa miaka ishirini hachagui upya kila jioni. Mwili wake umeuzoea ulevi hata umeufanya kuwa ndio hali yake ya kawaida, na alfajiri, kabla hajasema na mtu, mikono yake hutetemeka hata chai haifiki kinywani bila kumwagika, mpaka apate funda moja la kuituliza. Chama cha Madaktari cha Marekani kiliukubali uraibu huo kuwa ni maradhi katika mwaka 1956, na wako waliolichukia tamko hilo wakidhani kwamba kuliita jambo maradhi ni kulivua dhambi. Sioni kwamba hayo mawili hugombana. Mtu aweza kuyaendea maradhi kwa njia ya dhambi, na akisha kuyafikia, ini lake litakuwa gumu vilevile, atubu asitubu. Ninalosadiki ni kwamba hiari haimtoki mlevi mara moja, bali hupungua daraja kwa daraja, na kwa hiyo insafu yatutaka tuulize: dhima iliyokuwa juu ya hiari ile, hiari ikisha kupungua, hwenda wapi? Kwani dhima haiyeyuki. Naona hurudi kwa watu waliomzunguka, nao aghalabu hawapendi kuambiwa hivyo.

Ili kuwaona watu hao, tazama mangwe moja katika viunga vya Rabai au Kaloleni. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, kotama kiunoni na kibuyu begani, akachonga upya ncha ya karara ili iendelee kutona. Maji yatokayo ni matamu, na hata mtoto huyanywa. Jua likipanda huanza kuchachuka, na ifikapo alasiri ni tembo kali, wanywaji wameketi kivulini na mirija yao. Fedha ya tembo hilo imelipa karo za watoto na imeezeka nyumba kwa mabati, wala hapana haja ya kulificha jambo hilo, kwani Kurani yenyewe, katika Sura ya al-Baqara, aya ya 219, imekubali kwamba ulevi una manufaa kwa watu kabla ya kusema kwamba madhara yake yameyazidi. Kwa Wamijikenda tembo lilimwagiwa koma, yaani mizimu ya wahenga, likapelekwa katika mahari, likanywewa na wazee waliojuana vipimo vyao. Husimuliwa kwamba kijana hakuthubutu kulewa mbele ya wazee hao. Naisadiki nusu ya hadithi hiyo, kwa maana wazee wa kila zama huwa na zamani iliyotakata. Lakini tembo la jana huelekea kuwa siki, na hilo peke yake lilikuwa kizuizi. Kiroba cha pombe kali hakichachi. Kilitosha katika mfuko wa shati la mwanafunzi na wa dereva wa bodaboda, kikanywewa faraghani bila ya jicho la mtu, hata Tanzania ikakipiga marufuku tangu tarehe 1 Machi 2017. Na iko pombe haramu iliyotiwa methanoli, ambayo ini huigeuza kuwa asidi inayoua mishipa ya macho: mwezi wa Novemba 2000, katika mitaa ya maskini ya Nairobi, iliua zaidi ya watu 100 na wengine ikawaacha vipofu.

Hapo ndipo ninapoikumbuka hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Anas bin Malik, ambamo Mtume, sala na salamu zimshukie, aliwalaani watu kumi kwa ajili ya ulevi, na katika kumi hao mnywaji ni mmoja tu: wako mkamuaji na mkamuliwa, mchukuzi na mchukuliwa, mnyweshaji, muuzaji, mla thamani yake, mnunuzi na mnunuliwa. Katika mitaa yetu tumeishika laana ya mmoja na kuwasamehe tisa. Mwenye nyumba apokea kodi ya chumba kinachouziwa gongo, na safu yake ni ya kwanza msikitini. Mwajiri awalipa vibarua Jumamosi jioni mlangoni pa kilabu kwa kuwa ndipo penye chenji. Mwenye duka aandika deni la mlevi daftarini na kumkatalia mkewe unga wa mkopo. Na serikali ipokeayo ushuru wa pombe hutuma maofisa wa afya kuyakemea madhara yake. Yupi kati ya hao amepungukiwa na hiari? Wote wana akili timamu, wamelala vizuri, na mikono yao haitetemeki.

Hata toba ya mlevi twaipokea vibaya. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi, akasikia hotuba ya Ijumaa ikamchoma, akaacha siku hiyohiyo, hana salama kwa sababu ameacha: usiku au kesho yake atatoka jasho na kutetemeka, yamkini aanguke kifafa, na siku ya pili au ya tatu aweza kuona wadudu ukutani na kusema na watu wasiokuwapo, na baadhi ya wanaofikwa na hayo hufa. Jamaa husema ameingiwa na shetani, au kwamba amekunywa kwa siri, na wengine humfungia ndani. Yampasa hospitali mapema, kabla ya kifafa, apate dawa za kutuliza neva na vitamini B1; na anayetaka kumsomea dua na amsomee garini, huku wanakwenda.