Fungu la Mtazamaji katika Ushindi wa Mwingine

Msafara wa ushindi, yaani mwandamano wa magari, pikipiki na watu wa miguu unaompitisha mwanariadha katikati ya mji ili aonwe na kushangiliwa, huzua swali ambalo furaha ya siku hiyo hailiachii nafasi: yule anayesimama kando ya barabara akipiga vigelegele, ambaye hakukimbia wala hakufundisha, ana fungu gani katika ushindi huo, na anaposema kwamba "tumeshinda", je, anasema kweli? Swali hili linawahusu sana wakazi wa Kitale, Bungoma na vijiji vya Sirisia hadi mpakani Lwakhakha, kwa kuwa wanaishi chini ya mlima na kando ya nyanda ambazo zimezaa wakimbiaji wengi, na kwa hiyo wamezoea kuzipokea medali kama watu wapokeavyo mavuno yao wenyewe.

Tarehe 10 Agosti 2024, mjini Paris, Emmanuel Wanyonyi, kijana wa Trans Nzoia aliyekuwa ametimiza miaka 20 siku chache tu kabla, alishinda mbio za mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 41.19, akimtangulia Marco Arop wa Kanada kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Huyu ni mtu aliyeacha shule akiwa na umri wa miaka kumi hivi akaenda kuchunga ng'ombe, na njia yake kutoka malishoni hadi dhahabu ya Olimpiki ilikuwa ndefu na yenye mashahidi wachache. Lau sehemu hiyo moja ya mia ingeangukia upande wa pili, jasho lake lingekuwa lile lile, nidhamu yake ile ile, na umaskini alioushinda ule ule, lakini shangwe zingepungua mno. Hapo ndipo panapoonekana kwamba umati, hata unapodhani kuwa unaiheshimu fadhila, yaani tabia njema iliyojengwa kwa juhudi ya muda mrefu, mara nyingi huyaheshimu matokeo tu.

Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, anasimulia kwamba Pythagoras aliyalinganisha maisha ya binadamu na mashindano ya Wagiriki, ambako wengine huenda kutafuta taji, wengine kuuza na kununua, na wengine, ambao ndio aliowahesabu kuwa bora, huenda kutazama tu, kwa sababu hawatafuti faida yoyote. Hoja hiyo ina uzuri wake, ila haimfai mtazamaji wa msafara, kwa kuwa huyu hatazami bure. Anataka sehemu ya utukufu, anataka jina la kwao litajwe ulimwenguni, na haja hiyo, ambayo si mbaya kwa asili yake, inamtoa katika kundi la watazamaji wasio na deni.

Dini nazo zimelitazama jambo hili kwa tahadhari. Mtume Paulo, alipowaandikia Wakristo wa Korintho, mji uliokuwa jirani na viwanja vya michezo ya Isthmia, hakuikemea riadha, bali aliichukua nidhamu ya wakimbiaji kuwa mfano wa maisha ya imani, huku akiwakumbusha wasomaji wake kwamba taji lile, ambalo kweli lilikuwa la majani, lilikuwa la kuharibika. Wakweka, yaani Marafiki, ambao wamishonari wao walifika Kaimosi mwaka 1902 na ambao makanisa yao yameenea Bungoma na Trans Nzoia, wana waasisi waliokwenda mbali zaidi: huko Uingereza ya karne ya 17 walikataa hata kuvua kofia mbele ya wakubwa, wakishikilia kwamba heshima ya namna hiyo ni ya Mungu peke yake. Hofu yao ilikuwa ibada ya sanamu, yaani kumpa kiumbe nafasi ya Muumba, na ni hofu ya haki, ingawa pengine hatari ya msafara iko mahali pengine kidogo. Sanamu haina njaa, haiugui, wala haiogopi kurudi nyumbani usiku. Umati unaomshangilia mtu kana kwamba mahitaji hayo hayamgusi umekwisha kumfanya sanamu, hata kama hakuna aliyempigia magoti.

Wabukusu wa Sirisia wana mwandamano mwingine, ambao hufanyika mwezi wa Agosti wa kila mwaka wa shufwa, hivyo kwamba mwaka 2024 uliangukia majira yale yale ya michezo ya Paris. Kijana anayekwenda kutahiriwa huwazungukia jamaa zake akipiga kengele ziitwazo chinyimba ili kuwaalika. Mjomba wake humchinjia na kumvisha kipande cha nyama kiitwacho luliki. Alfajiri hupelekwa mtoni akapakwa matope, kisha hurudishwa kwa wimbo wa sioyaye, umati ukiwa umemzunguka, mpaka uani kwa baba yake, ambapo husimama wima mbele ya ngariba bila kupepesa jicho. Umati huo huandamana naye kabla ya jaribio, wakati hakuna ajuaye kama atasimama imara au atatetemeka, na kwa sababu hiyo hubeba sehemu ya hatari yake, maana akiogopa aibu ni ya ukoo mzima. Baada ya kisu wapo wa kumuuguza, wa kumpikia na wa kumfunza, na wale waliotahiriwa pamoja naye hubaki bakoki, yaani wenzake wa rika, maisha yao yote. Hata masimulizi ya asili ya desturi hiyo yanamtaja Mango, aliyeliua joka la Mwiala lililokuwa likiangamiza watu, na ambaye baada ya ushindi huo ndipo alipotahiriwa. Shujaa huyo hakuachwa aishie kwenye sifa.

Kipimo hicho, yaani kubeba sehemu ya hatari ya mwingine, kinaeleza ni nani mwenye haki ya kusema "tumeshinda". Mwaka 1968, mjini Mexico, Ben Jipcho, mzaliwa wa Mlima Elgon, aliongoza mwanzo wa fainali ya mita 1500 kwa kasi iliyokusudiwa kumchosha Jim Ryun wa Marekani, Mkenya mwenzake Kipchoge Keino akapita na kutwaa dhahabu, na Jipcho mwenyewe akamaliza wa kumi. Neno hilo lilikuwa halali kinywani mwake kwa sababu alikuwa amelilipia.

Watazamaji wengi hawajalilipia. Siku moja baada ya ushindi wa Wanyonyi, Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa akiishi Endebess, si mbali na Kitale, alikimbia marathoni ya Paris akamaliza wa 44, nafasi isiyoitiwa msafara. Tarehe 5 Septemba alifariki dunia katika hospitali ya rufaa ya Eldoret kwa majeraha ya moto, baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa nyumbani kwake. Miaka mitatu kabla yake, Oktoba 2021, Agnes Tirop alikuwa ameuawa nyumbani kwake Iten, wiki chache tu baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee. Nchi zilizojua kuwashangilia wakimbiaji wake barabarani hazikujua kuwalinda milangoni mwao.

Mtazamaji, basi, ana fungu halali katika ushindi wa mwingine, lakini ni fungu la mdaiwa, na vigelegele havitoshi kulilipa. Wazazi, makanisa na serikali za kaunti za Trans Nzoia na Bungoma, pamoja na kila aliyewahi kusimama kando ya barabara kumsubiri mwenye medali, wamtafute sasa mchungaji mdogo asiye na karo, wamfuate na yeyote amalizaye wa 44, na wampe kila mmoja sababu ya kuamini kwamba akibisha hodi usiku atafunguliwa.