Mwindaji Aliyepewa Fimbo

Somo: Mwanzo 32:22-32 na 33:1-14



Neno la mwezi huu twalielekeza hasa kwa wale waliopasuliwa na waganga wa hospitali na kuwekewa nyonga mpya au goti jipya, nao sasa wakaa nyumbani wakingoja nguvu zirudi. Zamani mtu ambaye kiungo chake kimekwisha kulika alibaki na maumivu yake mpaka siku ya kufa. Leo watu waliotengenezwa viungo hivyo waonekana hata katika vijiji vya Busunzu, na Kibondo, na Kasulu, nasi tunaowaandikia haya tu miongoni mwao.

Tena baadhi yetu tulikuwa wawindaji. Kila kiangazi, majani yalipokauka, tulitwaa bunduki ya marisau pamoja na leseni yake, tukatoka alfajiri kuwatafuta kanga na kwale kando ya mashamba. Sasa kiangazi kimefika tena. Kanga walia vichakani asubuhi, nasi twawasikia tukiwa kitandani, na bunduki imefungiwa mahali pake. Wako watakaosema, "Shukuru Mungu umepona, kanga ni kitu gani?" Lakini aliyeipenda kazi ile ajua ya kuwa hakupungukiwa na nyama tu. Amepungukiwa na umande wa asubuhi, na ukimya wa pori, na wenzake wa njiani, na furaha ya kurudi nyumbani akiwa na kitu mkononi. Basi na tutazame Neno la Mungu lamwambia nini mtu wa namna hii.

I. Tuiheshimu kazi iliyofanywa

Kwanza yatupasa kujua ni kazi gani iliyofanywa ndani ya mwili wetu. Nyonga ni kichwa cha mfupa wa paja, mviringo kama tunda, kikizunguka ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno. Kati yao Mungu aliweka gegedu laini. Gegedu hiyo hulika kwa uzee, au kichwa cha mfupa hufa kwa kukosa damu, kama iwapatavyo wengi wenye ugonjwa wa selimundu, au shingo ya mfupa huvunjika kwa kuanguka. Hapo kila hatua huwa adhabu.

Waganga walihangaika na jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1890, katika mji wa Berlin, mganga Themistocles Gluck alijaribu kuweka goti lililochongwa kwa pembe ya ndovu. Fikirini, ndugu: katika zama zile zile pembe zilichukuliwa mabegani mwa watu kwa njia ya Ujiji mpaka Bagamoyo, na watu wengi walikufa njiani kwa ajili yake. Viungo vile vya pembe havikudumu, kwani wagonjwa wake walikuwa na kifua kikuu cha viungo, na ugonjwa ukaiharibu kazi. Mwaka 1938 Philip Wiles wa London aliweka nyonga nzima ya chuma. Kisha mwaka 1962 John Charnley, katika hospitali ya Wrightington huko Uingereza, aliweka kichwa cha chuma ndani ya kikombe cha plastiki ngumu, akavishikiza kwa saruji ya mifupa. Njia yake ndiyo iliyofungua mlango kwa mamilioni ya watu. Katika nchi yetu kazi hii hufanywa Dar es Salaam katika Taasisi ya Mifupa iliyoko Muhimbili, na Moshi katika KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya Shirika la Msamaria Mwema, na penginepo pia. Wataalamu waliokusanya habari nyingi na kuzitangaza mwaka 2019 walionyesha ya kwamba katika nyonga 10 zilizowekwa, karibu 6 hudumu miaka 25.

Lakini kiungo kipya chahitaji ulinzi. Kwa majuma 6 ya kwanza, na kwa wengine hata 12, mara nyingi twaagizwa tusiketi juu ya kigoda, tusichuchumae, tusipandanishe miguu, tusiiname sana kuokota kitu, wala tusigeuke ghafula juu ya mguu uliopasuliwa. Sababu yake ni kwamba nyama na kano hazijashikana bado, na kile kichwa chaweza kuchopoka katika kikombe chake. Sasa utazame, msomaji, kazi ya mwindaji ni nini? Huchuchumaa nyuma ya kichaka. Hunyata. Hugeuka ghafula ndege wanaporuka. Huvuka vijito, na huenda majanini pasipo kuona shimo la mhanga lililo mbele ya mguu wake. Mambo yote aliyoyapenda ndiyo yale yale aliyokatazwa. Kwa hiyo asidhani ya kuwa mganga amemwonea. Ng'ombe aliyeuzwa kwa ajili ya safari ile, na michango ya majirani, na usiku ambao mkewe alikesha kando yake, vyote vyaweza kupotea kwa asubuhi moja ya kutovumilia.

II. Isaka alimpenda Esau kwa sababu ya nyama

Biblia yatuambia habari za ndugu wawili. Esau alikuwa hodari wa kuwinda, mtu wa nyikani. Yakobo alikuwa mtulivu, mkaa hemani. Na katika sura ya 25 ya Mwanzo twasoma neno la kutushitusha: Isaka alimpenda Esau kwa kuwa alikula mawindo yake. Upendo wa baba ulifuata mkono wa mwana uletao nyama.

Hapo, ndugu, ndipo penye jeraha la mwindaji aliye kitandani. Mwindaji ni mtu aletaye. Akirudi, watoto humkimbilia, jirani hupata paja, mzee asiye na mtu hupata supu. Katika kuleta kwake ajiona kuwa mtu kati ya watu. Sasa ameketi juu ya kiti kirefu, naye ndiye aletewaye. Huletewa maji ya kunawa, huletewa uji, huvikwa viatu na mjukuu wake. Ndipo neno moja la siri humwingia moyoni: "Wakati nilipoleta, walinipenda. Sasa siwezi kuleta. Nitapendwa kwa sababu gani?"

Swali hilo haliwahusu wawindaji peke yao. Mkulima hujiuliza, na mama aliyezoea kubeba maji hujiuliza, na mwalimu wa dini ambaye hawezi tena kuvifikia vijiji vyake hujiuliza. Na jibu lake ndilo moyo wa Injili. Isaka alipenda kwa sababu ya nyama. Baba yetu wa mbinguni hapendi hivyo. Tumefundishwa tangu utoto, tulipojifunza Katekisimo, ya kuwa twahesabiwa haki kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo yetu. Tumelikariri jambo hilo mara nyingi tukiwa wazima. Lakini mtu alalaye chali, asiyeweza hata kugeuka upande bila msaada, naye bado apendwa na kulishwa na kuoshwa, huyo amesomeshwa somo lile lile katika mwili wake. Hana cha kuleta, naye hakutupwa.

III. Baraka ilikuja wakati wa kuteguka

Sasa tumtazame Yakobo. Usiku ule penye kivuko cha Yaboki aliachwa peke yake, akashindana mweleka na mtu asiyemjua hata alfajiri. Akaguswa nyonga, ikateguka. Angalieni utaratibu wa habari hii: kwanza nyonga iliteguka, kisha ndipo akabarikiwa. Mwanamweleka aliyeteguka nyonga hana nguvu tena ya kumwangusha mtu. Limebaki jambo moja tu awezalo kufanya, nalo ni kushikilia. Yakobo alishikilia, akakataa kuachia mpaka abarikiwe. Jua likamzukia akichechemea, naye ana jina jipya. Wala Maandiko hayatuambii ya kuwa mguu wake ulirudishwa kama ulivyokuwa.

Basi walimu wetu, mtakapomtembelea mgonjwa wa namna hii, msimwambie ya kwamba Mungu amempiga kwa kuwa alipenda kuwinda. Hakuna neno kama hilo katika habari hii. Hata Baba Martin Luther, alipokuwa amefichwa ndani ya ngome ya Wartburg, alitoka siku mbili kwenda kuwinda pamoja na wenyeji wake, mwezi wa Agosti mwaka 1521. Yeye mwenyewe alimwandikia rafiki yake Spalatin habari zake. Alimhurumia sungura mmoja, akamficha ndani ya nguo yake, lakini mbwa wakamfikia wakamwua. Akawaza jinsi Shetani awindavyo roho za watu. Luther hakuwa mwindaji hodari. Walakini kifungo chake hakikuwa bure. Kabla hajaondoka katika ngome ile mwaka 1522 alikuwa amefasiri Agano Jipya lote kwa lugha ya watu wake, kazi ya majuma kama 11 tu. Ukuta uliomzuia asitoke ndio uliompa nafasi ya kuketi.

Hatusemi ya kuwa kila mgonjwa wa nyonga atafasiri kitabu. Lakini siku za kufungiwa si siku tupu. Mwindaji amezoea kutazama kwa kulenga. Sasa apata kutazama pasipo kulenga. Yule kanga apitaye pembeni mwa shamba la mihogo na vifaranga vyake, awezaye kumhesabu leo kwa utulivu ni nani, ila yeye aliyeketi? Naye kijana wake, atakayeishika bunduki siku moja kwa halali na kwa leseni yake mwenyewe, ni nani atakayemfundisha kutompiga ndege mwenye makinda, na kutoelekeza mdomo wa bunduki kwa mtu, hata ikiwa haina risasi? Somo hilo hufundishwa vema na baba aliye kitini.

IV. Mwendo wa watoto

Mwisho, tusome hata sura ya 33. Asubuhi ile ile Esau mwindaji alikuja na watu 400. Yakobo hakujificha nyuma ya wake zake na watoto. Alitangulia mbele yao, akainama mara saba mpaka nchi. Hebu wazeni jinsi alivyoinama na nyonga ile! Esau akamkimbilia, akamkumbatia, wakalia wote wawili. Kisha Esau akataka waende safari pamoja. Yakobo akamwomba atangulie. Yeye atakwenda polepole, kwa kadiri ya mwendo wa mifugo na mwendo wa watoto.

Ndugu tuliopasuliwa, hilo ndilo neno letu. Wenzetu wazima na watangulie porini kwa amani, nasi tusiwaonee kijicho. Sisi tutakwenda mwendo wa watoto: leo mpaka mlangoni, kesho mpaka mgombani, Jumapili moja mpaka kanisani. Mwenda pole hajikwai. Na siku mganga atakaposema ya kuwa twaweza kutembea shambani tena, tutakwenda. Na akisema pori limekwisha kwetu, Mungu aliyekuwa pamoja nasi porini hakubaki huko.

Nanyi wa nyumbani na wa mtaani, upendo wenu uwe na mikono. Mtafutieni mgonjwa kiti kirefu chenye mahali pa kuegemea. Mtengenezeeni choo cha kukalia, kwani choo cha kuchuchumaa ni hatari kwake. Ondoeni mikeka na kamba njiani asije akajikwaa. Mkiona mguu umevimba na kuuma, au kidonda chatoa usaha, au homa imepanda, au kifua chabana na pumzi ni fupi, msingoje hata kesho, mpelekeni hospitali. Nao waliokuwa wakienda naye kuwinda wasimkimbie. Waje waketi naye jioni, wamsimulie waliyoyaona, nao wamletee paja, kama yeye alivyowaletea wengine.

Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, wamtaja Yakobo katika saa yake ya mwisho. Hausemi habari za mbio zake wala za kondoo zake wengi. Wasema aliwabariki wana wa Yusufu, akamwabudu Mungu akiegemea fimbo yake. Fimbo ile haikumwaibisha. Alikuwa nayo mkononi alipoabudu, na tegemeo la mwili wake likawa shahidi wa tegemeo la roho yake. Basi wewe uliyeweka bunduki na kushika gongo, usilione gongo lako kuwa alama ya mtu aliyekwisha. Lishike, usimame, uabudu.

Tuombe: Ee Bwana Mungu, ambaye mababu zetu katika Buha walikuita Imana, nasi twakujua katika Yesu Kristo Mwana wako, utujalie kushikilia wakati tusipoweza kushindana. Uwabariki waganga na wauguzi. Utufundishe kupokea sisi tuliozoea kuleta, na utuongoze kwa mwendo wa watoto wako mpaka nyumbani kwako. Amin.