Neno la Mzazi na Saburi ya Mtoto

Somo: Wagalatia 5:22–23, Mathayo 5:37



Mtume Paulo ahesabupo matunda ya Roho, tunda aliwekalo mwisho ni kiasi, yaani uwezo wa mtu kuitawala nafsi yake. Katika mahubiri yetu twalisahau upesi. Lakini nyumbani hatulisahau kamwe, maana twalidai kwa watoto wetu tangu asubuhi hata jioni. Tulia! Ngoja! Usiguse! Nyamaza! Na mtoto asipoweza, twasema ana moyo mgumu, na fimbo haiko mbali. Basi na tufikiri pamoja, wazazi, wainjilisti na walimu wa watoto, kama madai yetu ni ya haki.

Kwanza tuutazame mwili kama Mungu alivyouumba. Wenye elimu ya ubongo wameonyesha ya kuwa ile sehemu iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo hasa imsaidiayo mtu kuzuia tamaa, kukumbuka alichoagizwa, na kuona mbele kabla ya kutenda. Nayo ni miongoni mwa sehemu zikomaazo mwisho kabisa. Nyuzi za fahamu huvikwa utando wa mafuta, ili zipashe habari kwa upesi, na kazi hiyo huelekea mbele ya ubongo polepole sana, hata kijana wa miaka 20 haijamalizika kwake. Basi mtoto wa miaka mitatu asiyeweza kutulia ibada nzima, si lazima awe ameidharau ibada. Hakuna mkulima aupigaye mgomba mchanga kwa kuwa haujazaa.

Hatusemi ya kuwa watoto hawana dhambi. Sisi tuwabatizao wachanga twajua sivyo. Lakini udhaifu wa umri ni neno moja, na uasi ni neno lingine, naye ayachanganyaye humwonea mdogo.

Sasa tuje kwenye jambo lililotuchoma sisi wenyewe. Huko Marekani, mwisho wa miaka ya 1960, mwalimu Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza kuwajaribu watoto wa umri wa miaka minne hivi. Mtoto aliwekewa kitu kitamu mezani, akaambiwa: Ukila sasa, utapata hiki kimoja, ukingoja hata nirudi, utapata viwili. Kisha akaachwa peke yake. Wengine walijifunika macho, wengine waliimba, wengine walikula mara moja. Baada ya miaka mingi ilionekana kama kwamba waliongoja zaidi walifanikiwa zaidi katika masomo, na watu wengi wakasema, Tazama, mtoto wa kufaulu hujulikana mapema! Lakini mwaka 2018 ilitolewa habari ya watoto zaidi ya 900, na tofauti ile ikaonekana kuwa ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Tena hali ya nyumba na malezi ilipohesabiwa, ikapungua sana.

Wengine walikuwa wamekwisha kuuliza swali lililo bora. Katika Chuo Kikuu cha Rochester watoto 28 waligawanywa mafungu mawili. Kabla ya kujaribiwa kwa kitu kitamu, kila mtoto aliahidiwa kuletewa kalamu za rangi nzuri zaidi akingoja kidogo. Fungu moja waliletewa kama walivyoahidiwa. Fungu la pili mkubwa alirudi mikono mitupu, akasema, Samahani, hazipo. Ndipo kikaletwa kile kitu kitamu. Katika watoto 14 walioona ahadi ikitimizwa, tisa walingoja dakika zote 15. Katika wale 14 waliodanganywa, ni mmoja tu aliyengoja.

Ndugu, tusome habari hiyo mara mbili. Watoto wale hawakuachana kwa ubongo wala kwa ukoo. Waliachana kwa neno la mtu mzima. Aliyekula upesi hakuwa mpumbavu. Alikuwa amejifunza ya kuwa kungoja hakuna faida.

Wala tusidhani ya kuwa hayo ni mambo ya ng'ambo tu. Katika Kameruni, watoto wa kabila la Nso, watu wa jembe, walijaribiwa vivyo hivyo kwa maandazi madogo, nao watoto wa Ujerumani kwa vitu vitamu vya kwao. Katika Wajerumani 125, waliongoja hata mwisho ni 28 katika kila 100. Katika Wanso 76, karibu 70 katika kila 100. Wanane wakalala usingizi wakingoja! Mama wa Kinso hufundisha utii na heshima mapema, kweli. Lakini pia hukaa na mtoto mwilini mwake, humnyonyesha kabla hajalia. Sisi mara nyingi twataka utii wa mtoto wa Kinso, ila mgongo wa mama yake hatuutoi.

Baba yetu Luther alilijua jambo hilo. Mwezi wa Juni mwaka 1530, alipokuwa mbali katika ngome ya Coburg, na mambo makubwa ya Kanisa yakihukumiwa Augsburg, aliketi akamwandikia mwanawe Hans aliyetimiza miaka minne tu. Hakumtisha. Alimsimulia bustani nzuri yenye matunda na farasi wadogo, ambamo watoto wapendao kusali na kujifunza huingia. Akamwambia ya kuwa ameomba nafasi kwa ajili yake. Mtoto wa miaka minne alipewa ahadi na baba aliyemjua.

Nasi? Twamwambia mtoto, Nyamaza, nitakuletea mkate kutoka sokoni, wala hatukumbuki. Twamwambia, Usipotulia mzungu atakuchukua, naye aona hakuchukuliwa. Ndiyo yetu si ndiyo, wala siyo yetu si siyo. Kisha siku ya Jumapili twasimama mbele yake na kumwambia ya kuwa Ibrahimu alingoja miaka mingi kwa sababu Mungu aliahidi. Atajuaje maana ya ahadi?

Hatuandiki haya kama watu walio safi. Kabla ya Pasaka tuliwaahidi watoto wa shule ya Jumapili picha ndogo za Biblia, kila mmoja picha yake, watakaokuja bila kukosa. Walikuja. Picha zilichelewa, nasi tukanyamaza, tukidhani wamesahau. Juma lililopita msichana mmoja mdogo alikuwa akinong'ona wakati wa sala. Alipokemewa akajibu kwa upole, Mwalimu, nilikuwa nikiuliza kama picha zitakuja.

Picha sasa zimefika. Jumapili ijayo tutawapelekea, na kabla ya kuzigawa tutawaomba radhi.