Amepakwa Mafuta, Bado Yuko kwa Kondoo

Somo: 1 Samweli 16 na 17

 

Leo tuanze na mchezo ambao wengi wetu hatujaucheza: besiboli. Mrushaji husimama mita 18 na kidogo kutoka kwa mwenye gongo, akarusha mpira mdogo, mgumu, kwa nguvu zake zote. Mwaka 2022 warushaji wawili vijana wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, walitia sahihi mkataba na klabu kubwa ya Marekani, Los Angeles Dodgers.

Mtu angesema, sasa wamefika! Sivyo. Anayetia sahihi haingii uwanja mkubwa kesho yake. Vijana wengi wa kigeni huanzia ligi ya chini katika Jamhuri ya Dominika. Kisha kuna ngazi ya A, A ya juu, AA na AAA, ndipo ligi kuu. Wengi huishia njiani. Jina limeandikwa, lakini kazi ni ileile ya kila asubuhi.

Daudi naye alikuwa mrushaji, wa jiwe la kombeo. Samweli alimpaka mafuta mbele ya ndugu zake. Je, alihamia ikulu? Someni vizuri. Sauli alipomwita, alikuwa bado na kondoo (16:19). Hata wakati wa vita alikuwa akienda na kurudi kuwachunga (17:15). Alitawala akiwa na miaka 30. Mkono uliomwangusha Goliathi ulikuwa umeshapambana na simba na dubu huko porini, pasipo mtu wa kumpigia makofi.

Wapendwa, huku Rusizi tunaijua hali hiyo. Yuko aliyeandikishwa, akahojiwa, akaambiwa jamaa yake imekubaliwa kwenda Marekani. Kisha Januari 2025 nchi ile ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Usiku tunaona taa za Bukavu ng'ambo ya maji. Nyumbani hatujarudi, na mbele hatujaenda. Basi tunaanza kusema: maisha yataanza tukifika. Hapo ndipo adui anapotuibia. Mtoto anaacha shule kwa sababu "tunaondoka karibuni". Fundi anaacha cherehani ilale. Vijana wanaahirisha hata kumtumikia Mungu.

Hatuwaahidi kwamba kila mlango utafunguka. Mwaka 2011 watoto wa Uganda walishinda nafasi ya kucheza mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto huko Williamsport, Marekani, wakanyimwa viza. Lakini Januari 2012 watoto wa Kanada, ambao wangepambana nao, walisafiri hadi Uganda, wakacheza nao huko. Agosti mwaka huohuo timu ya Lugazi ikawa ya kwanza kutoka Afrika kufika Williamsport. Waliozuiwa hawakurudishiwa nafasi yao. Ila siku wageni walipokuja, waliwakuta wako tayari.

Basi tujiulize katika kila nyumba: kondoo wetu wa leo ni nani? Ni daftari la mtoto? Ni jirani mgonjwa? Ni kwaya? Tuwachunge vema. Mungu aliyempaka Daudi mafuta alimwona machungani pia.

Bwana awatie nguvu mnaongoja. Amina.