Uzito wa Kuamini

Mtu akisema kwamba Mungu amemteua kwa kazi maalumu, tumwite muumini au mgonjwa? Daktari wa akili Karl Jaspers, katika kitabu chake cha mwaka 1913 kuhusu maradhi ya akili, alitaja alama tatu za imani ya kiwazimu: uhakika usiotikisika, kutosikia hoja, na jambo lenyewe kutowezekana. Kwa alama hizo pekee, wacha Mungu wengi wangelazwa wodini. Ndiyo maana mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unazisamehe imani zinazokubalika katika jamii ya mtu. Msamaha huo ni wa busara, lakini unahesabu vichwa tu, na kila dini ilianza na watu wachache.

Mwaka 1999, Emmanuelle Peters na wenzake nchini Uingereza walichapisha dodoso la maswali 40 la kupima imani za kiwazimu. Limo swali la kama unaamini nguvu za uchawi, na la kama unajihisi kuwa karibu mno na Mungu. Kuanzia Tanga hadi Kisumu, ni wangapi wangejibu hapana kwa yote mawili? Lakini anayejibu ndiyo huulizwa zaidi: jambo hili linakusumbua kiasi gani, linakujia akilini mara ngapi, unaliamini kwa uhakika gani? Karibu mtu 1 kati ya 10 wasio wagonjwa alipata alama zinazozidi wastani wa wagonjwa. Wafuasi wa dini ndogo za Hare Krishna na Wadruidi, walipopimwa, waliamini mambo mengi kama wagonjwa na kwa uhakika uleule. Tofauti ni kwamba imani zao hazikuwatesa wala kutawala mawazo yao kwa kiasi kile. Kwangu huu ndio ushahidi mzito: maradhi tuyatafute katika namna mtu anavyoishi na imani yake, kabla ya kuuliza anaamini nini. Anayeamini kwamba jirani ni mchawi, kisha akafungua duka lake asubuhi na kulala usiku, si sawa na yule ambaye wiki nzima hagusi chakula cha mama yake akihofia sumu.

Kuna atakayesema kwamba hivyo tunautupa ukweli. Hapana. Jaspers mwenyewe aliona kwamba wivu wa mgonjwa unaweza kutambulika kuwa ni maradhi bila daktari kujua kama mke kweli anatoka nje ya ndoa. Ukweli wa jambo una wachunguzi wake, na dodoso halikuundwa kwa kazi hiyo. Mgonjwa mwenye furaha, anayejiona mfalme, ni hoja ngumu zaidi, kwa kuwa hasumbuki hata kidogo; kwake daktari hana budi kuwauliza pia wanaoishi naye.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka msitu wa Shakahola, karibu na Malindi, ambako tangu 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa dhehebu lililohimiza kufunga hadi kufa, wengi wakiwa na dalili za kufa njaa. Huenda baadhi yao walifunga kwa utulivu, wakizungukwa na wenzao walioamini vivyo hivyo, na dodoso lingewapita. Ni kweli, lakini kuwaita wote wagonjwa kungehamishia lawama kwenye vichwa vya waliokufa. Mtoto aliyenyimwa uji hakuhitaji kipimo cha akili. Alihitaji chifu, polisi na majirani wa kumtoa msituni mapema, na wajibu huo hauondolewi na imani ya mtu yeyote, awe mzima au mgonjwa.