Wanangu Mnaokimbia Ngaramtoni, Sikilizeni Habari ya Jemima

Kila alfajiri mnapita barabara ya Ngaramtoni mkipandisha kuelekea Olmotonyi, kundi kwa kundi, wengine viatu vimekwisha soli. Nawafahamu mlikotoka. Wengi wenu mmetoka Karatu, Mbulu, Hanang na Singida, mkachangishana kodi ya chumba hapa Arusha, mkala ugali na makande, mkisubiri mbio moja tu ije ilipe madeni ya nyumbani. Mtu mwenye njaa ya namna hiyo akiletewa kichupa akaambiwa kina dakika tatu ndani yake, atakitazama mara mbili. Ndiyo maana nimeona nisiwahubirie habari za watu wabaya. Nitawasimulia habari za mtu hodari.

Jemima Sumgong ni binti wa Nandi, Kenya, na kwa miaka mingi alikuwa mtu wa nafasi ya pili. Boston mwaka 2012 alipitwa na Sharon Cherop kwa sekunde 2. Chicago mwaka 2013 alimaliza nyuma ya Rita Jeptoo. New York mwaka 2014 Mary Keitany alimtangulia kwa sekunde 3. Anayejua mbio ndefu anajua uchungu wa kukimbia kilomita 42 ukakosa ushindi kwa hatua chache. Aprili 2016, London, alianguka njiani akagonga kichwa, akainuka, akawafukuza waliomwacha na akashinda. Agosti mwaka huohuo, Rio de Janeiro, alimaliza kwa saa 2:24:04 na kuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kutwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki. Hata Catherine Ndereba, pamoja na ukubwa wake wote, alikuwa ameishia kwenye fedha mara mbili.

Miezi sita baada ya Rio, tarehe 28 Februari 2017, wapimaji walimfuata nyumbani bila taarifa. Sampuli yake ikakutwa na EPO, dawa ya kuongeza damu iliyokatazwa michezoni. Habari zikatoka Aprili, akiwa anajiandaa kwenda kutetea taji lake la London. Akafungiwa miaka 4.

Hapa ndipo nataka mtulie mnisikilize. Miaka 4 ni mingi, lakini ina mwisho. Jemima, katika kujitetea, alisema alitibiwa katika Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, kwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, akaongezewa damu, na akapeleka karatasi za matibabu. Hospitali ilipoulizwa, ikajibu kwamba karatasi hizo hazikutoka kwake. Tena siku hizo madaktari wa hospitali za umma Kenya walikuwa kwenye mgomo. Januari 2019 Kitengo cha Uadilifu wa Riadha kikamfungia miaka 8 kwa karatasi zile na kwa maelezo ya uongo. Sindano ilimpa minne, karatasi zikampa minane.

Wala si yeye peke yake aliyezama kwa njia hiyo. Wilson Kipsang aliwahi kushikilia rekodi ya dunia ya marathoni, saa 2:03:23, Berlin mwaka 2013, na ana shaba ya Olimpiki ya London. Huyo hakukutwa na dawa yoyote. Kosa lake lilikuwa kukosekana mahali alipoandika kwamba atapatikana kupimwa. Alipoulizwa kwa nini hakuwepo siku moja ya Mei 2019, akasema njia ilifungwa na ajali, akatuma picha ya lori lililopinduka. Wachunguzi wakagundua kuwa ajali ile ilitokea Agosti, miezi mitatu baadaye. Mwaka 2020 akafungiwa miaka 4. Wazee wetu walisema njia ya mwongo ni fupi, na mimi sijaona mahali ilipokuwa fupi kuliko hapo.

Mtaniambia: Baba, mbona dhahabu ya Rio bado anayo? Ni kweli, sheria ilimwachia, kwa kuwa sampuli iliyomkamata ilichukuliwa baada ya michezo. Sasa tazameni jukwaa lile la Rio. Wa kwanza Jemima. Wa pili Eunice Kirwa, Mkenya aliyekimbilia Bahrain, naye akafungiwa mwaka 2019 kwa EPO hiyohiyo. Wa tatu Mare Dibaba wa Ethiopia, ambaye hadi leo ana shaba. Hakuna anayeweza kuthibitisha nani alikuwa na nini mwilini siku ile. Lakini swali limebaki juu ya medali, na mwenye medali hawezi kulifuta.

Vijana wengi hudhani dawa hizi zinamdhuru anayezitumia tu. Muulizeni Buzunesh Deba. Mwaka 2014 alikimbia Boston kwa saa 2:19:59 akawa wa pili nyuma ya Rita Jeptoo. Septemba mwaka huo Jeptoo akapimwa, EPO ikapatikana, na mwaka 2016 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikampa miaka 4 na kumfutia ushindi wake wa 2014 wa Boston na Chicago. Deba akatangazwa bingwa. Utepe wa mwisho hakuukata yeye, wimbo wa taifa lake haukupigwa, na fedha za mshindi zikawa hadithi ya miaka. Mwaka 2024, miaka 10 baada ya mbio, mpenzi mmoja wa riadha aliyesoma habari zake alimpa dola 75,000 kutoka mfukoni mwake. Umri wa mkimbiaji haungoji miaka 10.

Mambo haya hayaanzii kwetu wala hayaishii kwetu. Olimpiki ya baridi ya Salt Lake City mwaka 2002, Larisa Lazutina wa Urusi, aliyerudi nyumbani kutoka Nagano mwaka 1998 na dhahabu tatu za mbio za theluji, alishinda kilomita 30 na akanyang'anywa ushindi siku hiyohiyo. Alikutwa na darbepoetini, ndugu wa EPO. Katika mbio nyingine za michezo ileile, yeye na mwenzake Olga Danilova walikuwa wamemtangulia Beckie Scott wa Kanada. Scott alipewa shaba, kisha fedha, na dhahabu yake ikamfikia mwaka 2004 mjini Vancouver. Nchi tajiri, makocha wasomi, madaktari wa timu, na bado ni aibu ileile.

Sasa ijueni hiyo EPO. Figo zenu huitengeneza kila siku, ili kuuambia uboho wa mifupa uongeze chembe nyekundu za damu zinazobeba hewa. Mkipanda juu ambako hewa ni nyepesi, figo huongeza kazi hiyo zenyewe. Kwa hiyo mlima huu wa mita 4,566 mnaouona asubuhi unafanya bure, polepole na kwa kiasi, kile ambacho muuzaji anataka kuwauzia. Ile ya kichupa ilitengenezwa kwa ajili ya wagonjwa, hasa wa figo, na daktari huitoa huku akipima damu. Mkimbiaji akijidunga chumbani, damu inakuwa nzito, na akikaukiwa maji kilomita ya 35 inaweza kuganda na kuziba njia za moyo au ubongo. Kijana wa miaka 22 anaweza kulala asiamke.

Lipo jambo jingine linalonitia hofu zaidi hapa kwetu, nalo ni mazoea yetu ya kugawana vidonge. Ruth Chepngetich alikimbia Chicago Oktoba 2024 kwa saa 2:09:56, mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya saa 2 na dakika 10. Machi 2025 sampuli yake ikakutwa na haidroklorothiazaidi, dawa ya presha inayokojosha, iliyokatazwa michezoni kwa sababu inaweza kuficha dawa nyingine. Akaeleza kwamba aliumwa, akameza dawa ya msaidizi wake wa nyumbani. Wachunguzi hawakuamini, naye akafungiwa miaka 3. Mimi siwezi kuhukumu moyo wake. Ninachojua ni kwamba dawa hiyo imo kwenye makabati ya wazee wengi wa mji huu, na kanuni ni moja kwa kila mkimbiaji: kilichopatikana mwilini mwako ni chako, awe amekupa bibi yako au adui yako.

Basi ukiingia zahanati au duka la dawa, neno la kwanza liwe kwamba wewe ni mwanariadha. Taja hivyo hata kama unaumwa kichwa tu. Tunza boksi la dawa na cheti cha daktari. Kama ugonjwa unahitaji dawa iliyokatazwa, kuna kibali cha matibabu kinachoombwa kabla, na viongozi wa riadha wana wajibu wa kukusaidia kukipata, wasumbueni mpaka wakusaidie. Dripu za vitamini za kuongeza nguvu baada ya mazoezi, zikataeni. Virutubisho vya kopo visivyojulikana vilikotoka, msivinunue. Na ikitokea umekosea, sema siku ileile, maana kanuni zenyewe humpunguzia anayekiri mapema. Usimtafute mtu wa kukutengenezea karatasi.

Najua mtauliza kama asiye na dawa anaweza kushinda. Olimpiki ileile ya Rio, Alphonce Simbu alimaliza wa tano. Wachache walimkumbuka. Mwaka uliofuata akapata shaba ya dunia London, kisha ikaja miaka ya kimya, naye akiendelea kufanya mazoezi kwenye barabara hizihizi za Arusha. Septemba 2025, Tokyo, aliingia uwanjani akiwa nyuma ya Amanal Petros wa Ujerumani, wakamaliza kwa muda mmoja wa saa 2:09:48, na picha ikaonyesha Simbu ametangulia kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Ikawa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano ya dunia ya riadha. Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walituletea medali za fedha za Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, na tulingoja miaka 45 kufika hapo. Kutoka nafasi ya tano Rio hadi dhahabu ya Tokyo ni miaka 9 ya kuamka alfajiri.

Atakuja mtu kambini. Huenda akawa anajua jina lako na deni lako, akawa mcheshi, akajiita daktari au rafiki wa wakala. Mkatalieni wote kwa pamoja, msimwachie aende chumba kwa chumba, na usiku huohuo mpigieni kocha simu.